Kabla Hatujasema "Kwa Kigiriki Neno Hili Lina Maana..."



Likizo ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani, na viongozi wa jumuiya yetu ndogo ndogo wakaniomba niongoze tafakari ya Injili. Sehemu yenyewe ilikuwa Yohane 21, pale Bwana wetu anapomwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nilifurahi sana, kwa sababu siku chache kabla nilikuwa nimesikiliza mahubiri mtandaoni juu ya sehemu hiyohiyo. Nikasimama, nikaeleza kwamba katika Kigiriki kuna maneno mawili. Agapao ni kupenda kwa upendo wa Kimungu usio na masharti, na phileo ni kupenda kirafiki tu. Yesu anauliza mara mbili kwa agapao, Petro anajibu kwa phileo. Mara ya tatu Yesu anashuka mpaka alipo Petro na kuuliza kwa phileo. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja akasema, "Ndiyo faida ya kusomesha mafrateri hiyo."

Kisha mama mmoja, mwalimu mstaafu, akainua mkono. "Frateri, naomba kuuliza. Kwa hiyo kila mahali Biblia inaposema Mungu anapenda, neno ni hilo agapao?"

Nikajibu bila kusita, "Ndiyo, Mama, kila mahali."

Akafungua daftari lake akaandika. Nilipoona anaandika, moyo ulinishtuka. Nilikuwa sijui hata herufi moja ya Kigiriki zaidi ya zile za darasa la hisabati, na sasa kulikuwa na mtu mzima anayeninukuu.

Usiku ule nilianza kutafuta. Nilikuta kwamba katika Yohane 3:35 Baba anampenda Mwana kwa agapao, na katika Yohane 5:20 Baba yuleyule anampenda Mwana yuleyule kwa phileo. Nilikuta kwamba dada zake Lazaro wanamtumia Yesu habari kuhusu "yule umpendaye" kwa phileo (Yn 11:3), na aya mbili mbele mwinjili anasema Yesu aliwapenda Martha, dada yake na Lazaro kwa agapao (Yn 11:5). Nilipofika katika Agano la Kale la Kigiriki nilichoka kabisa. Katika 2 Samweli 13:15, neno agape ndilo linalotumika kwa tamaa ya Amnoni juu ya Tamari, dada yake wa baba mmoja, ambaye alimbaka kisha akamchukia. Huo ndio "upendo wa Kimungu" niliowafundisha watu.

Naomba nieleweke. Tofauti ya maneno hayo mawili katika Yohane 21 inajadiliwa na watu wenye elimu kubwa. Papa Benedikto XVI aliitumia katika katekesi yake juu ya Petro mwezi Mei 2006. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu, aliisoma sehemu hiyohiyo akaona kwamba maneno hayo yana maana moja. Mtu anaweza kusimama upande wowote akiwa na sababu. Kosa langu ni kwamba sikujua kuna pande mbili, na nilipoulizwa swali rahisi nilijibu kama mtu aliyehesabu, wakati sikuwa na uwezo wa kuhesabu.

Tangu hapo nimekuwa na maoni ambayo leo nataka kuyaweka mbele yenu. Sisi mafrateri tunahitaji Kigiriki kidogo cha kweli. Tusikitafute ili kupamba mahubiri. Tukitafute ili kuacha kuwadanganya watu wanaotuamini. Na vifaa vya kukipata vipo, vingine bure kabisa. Kinachotukwamisha ni kwamba tunakusanya vitabu vingi na hatumalizi hata kimoja.

Makosa tunayoyarithi

Mfano wangu si wa pekee. Mara ngapi tumesikia kwamba Paulo anaposema Injili ni dunamis ya Mungu (Rum 1:16) alikuwa anafikiria dainamaiti inayolipua miamba? Dainamaiti ilipewa jina hilo na Alfred Nobel katika miaka ya 1860. Nobel ndiye aliyeazima neno la Kigiriki, na Paulo alikuwa amekufa miaka 1,800 kabla yake. Nguvu anayoizungumzia mtume ni ya wokovu. Haibomoi kitu.

Au neno ekklesia. Tunaambiwa kwamba kwa kuwa limeundwa na "kutoka" na "kuita", basi Kanisa ni "walioitwa watoke ulimwenguni". Ni wazo zuri kiroho. Lakini kwa Mgiriki wa Athene, ekklesia ulikuwa mkutano wa raia wanaopiga kura. Na katika Matendo 19:32 Luka analitumia neno hilohilo kwa umati wa Efeso uliojaa ghasia, ambao wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika! Maana ya neno hupatikana katika namna watu walivyolitumia. Tunalijua hilo vizuri katika Kiswahili: hakuna anayefasiri "mwanafunzi" kwa kusema ni mwana wa fundi.

Katika falsafa hali ni ileile. Tunamsoma Aristotle kwa Kiingereza, tunakuta neno linalofasiriwa kuwa fadhila, na mara tunawaza mtu wa sala na unyenyekevu. Lakini arete ya Aristotle anayo hata jicho na farasi. Jicho lina arete likiona vizuri, farasi anayo akikimbia vizuri na kumbeba mpandaji. Ni ubora wa kitu katika kazi yake. Ukishajua hilo, kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako kinasomeka kwa namna nyingine, na swali la "kazi ya mwanadamu ni ipi" linaacha kuwa la mtihani tu.

"Sisi Waafrika ya nini?"

Hoja hii huisikia kwenye meza ya chakula, na huiheshimu. Wenzangu husema: tumekwisha jifunza Kiingereza, tunabeba Kilatini, na lugha za bibi zetu zinatupotea. Kwa nini tuongeze mzigo wa Wazungu?

Jibu langu la kwanza ni kwamba Kigiriki hakikuwa cha Ulaya peke yake. Agano la Kale lilianza kufasiriwa kwa Kigiriki Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na tafsiri hiyo, Septuaginta, ndiyo waandishi wa Agano Jipya wanayoinukuu mara nyingi. Kitabu cha Hekima na kile cha pili cha Wamakabayo, ambavyo sisi Wakatoliki tunavisoma kama Maandiko Matakatifu, viliandikwa moja kwa moja kwa Kigiriki. Origene, Athanasi na Sirili walikuwa watu wa Aleksandria na waliandika kwa Kigiriki. Imani tunayoikiri kila Dominika imepita katika kalamu za Afrika zilizoandika kwa lugha hiyo. Hata leo Kanisa la Kiorthodoksi lililo chini ya Patriaki wa Aleksandria lina waamini Kenya, Uganda na Tanzania.

Jibu la pili liko pwani yetu wenyewe. Maandishi ya kale zaidi tuliyo nayo yanayoieleza pwani ya Afrika Mashariki kwa kirefu ni ya Kigiriki. Ni kitabu kifupi cha karne ya 1 baada ya Kristo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halijulikani. Anaieleza Azania, anaitaja bandari ya Rhapta, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Anasema jina Rhapta limetokana na mashua zilizoshonwa, kwa maana rhapta ni "vilivyoshonwa". Kila aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu ataelewa mara moja. Anasema pia kwamba manahodha wa Kiarabu wa wakati ule walioa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Hiyo ni historia yetu, na mwenye kuijua lugha ile anaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa.

Jibu la tatu ni kwamba Kigiriki kimo kinywani mwetu tayari. Biblia, Kristo, Ekaristi, liturujia, parokia, katekista, Pentekoste: yote ni ya Kigiriki. Mengine yamepitia Uarabuni kabla ya kutufikia: Injili, askofu, kalamu, na hata neno falsafa lenyewe, ambalo ni philosophia iliyovaa kanzu. Jina Yunani tunalolikuta katika Biblia limetoka kwa Wayonia, Wagiriki wa pwani ya Asia Ndogo, na limetufikia kwa njia ya Kiarabu.

Hayo yote hayafuti wajibu wetu kwa lugha za bibi zetu. Mimi mwenyewe nimeanza kuandika methali za kwetu katika daftari lilelile la Kigiriki. Nimeona kwamba anayejifunza kusikiliza lugha moja kwa makini huanza kusikiliza na nyingine.

Kiswahili kinatusaidia

Vitabu vyote nitakavyovitaja vinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo tunajifunza lugha ya tatu kupitia ya pili. Ni mzigo kweli. Lakini kuna mahali ambapo Mswahili anamtangulia Mwingereza.

Kwanza, Mgiriki huweka mtenda ndani ya kitenzi. Sisi pia: "anapenda" ni neno moja, halihitaji "yeye". Tofauti ni kwamba sisi tunaweka mwanzoni, wao mwishoni. Pili, vivumishi vya Kigiriki hufuata jinsi tatu za nomino. Mwingereza huona ajabu, lakini aliyekua akisema "kitabu kizuri, mti mzuri, maji mazuri" hana la kushangaa. Tatu, kuna njeo ya Kigiriki inayoonyesha tendo lililokamilika na matokeo yake yakabaki. Vitabu vya Kiingereza huieleza kwa kurasa nyingi. Sisi tuna -me-. Yesu anapomjibu shetani jangwani anasema gegraptai, na Biblia yetu inasema "Imeandikwa": iliandikwa zamani na bado ipo, inasema. Pale msalabani anasema tetelestai, nasi tunasoma "Imekwisha". Siku nilipogundua hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Kinachotutesa ni mabadiliko ya mwisho wa nomino. Theos ni Mungu akiwa mtenda, theon akiwa mtendwa, theou ni "wa Mungu". Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kukariri, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Kitabu kimoja, si kumi

Nilipoanza nilikuwa na vitabu kumi na saba kwenye kompyuta, vingi nimepewa kwa flashi. Nilisoma sura ya kwanza ya kila kimoja, na baada ya miezi miwili nilijua alfabeti mara kumi na saba. Naomba asiwepo mwingine wa kupita njia hiyo.

Kwa mtu anayetaka Agano Jipya, chagueni kimoja kati ya hivi. The Elements of New Testament Greek cha Jeremy Duff (2005), kilichochukua nafasi ya kile cha J. W. Wenham cha mwaka 1965, kina sura fupi na mazoezi mengi. Basics of Biblical Greek cha William Mounce, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kinaeleza polepole sana na kinamfaa anayejisomea peke yake, ingawa bei yake kwetu ni kubwa. An Introduction to the Study of New Testament Greek cha Padre James Swetnam, Mjesuiti aliyefundisha katika Taasisi ya Kipapa ya Biblia huko Roma, kina juzuu mbili, na ya pili ina majibu ya mazoezi na majedwali. Ni kizito kidogo, lakini hakikuachi na maswali. Asiye na fedha kabisa atafute New Testament Greek for Beginners cha J. Gresham Machen. Ni cha mwaka 1923, hakimiliki yake Marekani imekwisha, na unaweza kukipakua bila kuibia mtu. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu sisi tunaojiandaa kufundisha Amri ya Saba tunasambaziana vitabu vya watu kwa flashi bila kuulizana.

Ukishamaliza kitabu cha mwanzo, kuna hazina moja ya Kikatoliki ambayo nadhani kila maktaba ya seminari ingepaswa kuwa nayo: A Grammatical Analysis of the Greek New Testament cha Padre Max Zerwick, Mjesuiti, na Mary Grosvenor. Kinapita Agano Jipya lote aya kwa aya, na kila neno gumu kinakuambia ni umbo gani na limetoka wapi. Ni kama kukaa na mwalimu mvumilivu pembeni. Mimi nimesoma Injili ya Yohane yote kwa msaada wake. Sijawa mtaalamu, na bila kitabu hicho bado nakwama.

Kwa mwanafalsafa anayemtaka Plato, kuna Athenaze cha Maurice Balme na Gilbert Lawall. Kinafundisha Kigiriki cha Athene kwa hadithi ya mkulima Dikaiopolis na mtumwa wake mvivu Xanthias. Sisi watoto wa wakulima tutajikuta nyumbani, maana kurasa za mwanzo ni za jembe, jua kali na mtu anayetafuta kivuli. Kila sura ina maelezo ya maisha ya Wagiriki, hivyo lugha na utamaduni vinakwenda pamoja. Ushauri wangu hata hivyo ni kuanza na Injili ya Yohane. Kigiriki chake ni chepesi na habari yenyewe unaijua, hivyo akili inabaki na kazi moja tu.

Na kwa yule ambaye hataweza kusoma lugha nzima, kuna Greek Philosophical Terms cha F. E. Peters, cha mwaka 1967. Ni kamusi ya maneno ya falsafa ya Kigiriki, ikionyesha kila neno lilivyobadilika kutoka kwa mwanafalsafa mmoja hadi mwingine. Ukikiweka karibu na juzuu ya kwanza ya historia ya falsafa ya Padre Copleston, yale maneno ya herufi za ajabu ambayo wote huyaruka yataanza kusema.

Vilivyomo kwenye simu

STEP Bible, iliyoandaliwa na Tyndale House ya Cambridge, ni ya bure. Unagusa neno lolote la Kigiriki, inakuonyesha mahali pengine pote linapotumika. Unaweza pia kuiweka kwenye kompyuta ukaitumia bila intaneti. Hiyo ndiyo iliyonifumbua macho usiku ule. Perseus, maktaba ya kidijiti ya Chuo Kikuu cha Tufts, ina maandiko ya Plato, Aristotle, Homer na wengine wengi, na ukigusa neno inakupa umbo lake na maana yake. Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago inakusanya kamusi kadhaa mahali pamoja, ikiwemo ile kubwa ya Liddell na Scott iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843.

Natoa tahadhari mbili. Programu nyingi za simu zinazofundisha "Kigiriki" hufundisha kile kinachosemwa Ugiriki leo. Kinafaa kwa anayekwenda Athene, lakini hakitakufikisha kwa Yohane kwa haraka. Na kugusa neno ukaona maana zake tano, kisha ukachagua ile inayoipendeza hotuba yako, si kusoma Kigiriki. Huko ndiko nilikoanguka. Kamusi inakuambia neno linaweza kubeba nini. Sentensi ndiyo inayokuambia limebeba nini safari hii.

Lugha bila watu wake

Kujua maneno bila kujua watu waliosema ni kama kujua Kiswahili cha kamusi bila kujua kwa nini mgeni anakaribishwa kabla hajaulizwa shida yake. Kwa picha ya jumla, The Greeks cha H. D. F. Kitto (1951) ni kidogo na kinasomeka. Kwa anayetaka kuona falsafa ilivyokuwa namna ya kuishi, pamoja na mazoezi ya roho ambayo watawa wa kwanza waliyarithi, asome Philosophy as a Way of Life cha Pierre Hadot. Kwa Kiswahili tunayo Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyofasiriwa na S. S. Mushi. Ukiikuta katika maktaba usiipite. Ni habari ya mtu mwenye akili nyingi anayetafuta mkosaji bila kujua kwamba anajitafuta mwenyewe, na inamfaa kila anayejiandaa kuketi katika kiti cha kitubio.

Baada ya hapo rudini Matendo 17, Paulo akiwa Areopago. Anazungumza na Waepikurea na Wastoa, anawanukuu washairi wao, anaanzia kwenye madhabahu yao. Alifanya hivyo kwa sababu aliijua lugha yao na alikuwa ametembea mjini akitazama. Hapo ndipo tunapojifunza utamadunisho, na somo lenyewe liko katika Kigiriki.

Tuanzeje?

Alfabeti ina herufi 24, na aliyesoma fizikia sekondari anazijua karibu nusu. Wiki moja inatosha. Agano Jipya lina maneno tofauti yapatayo 5,400, lakini maneno kama 300 hivi yanayorudiwa mara nyingi ndiyo yanayobeba karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakufikisha hapo katika wiki kumi na mbili, ukiyarudia. Dakika ishirini baada ya Masifu ya asubuhi zinazidi saa nne za Jumamosi moja kwa mwezi. Na msisome peke yenu. Sisi tulikuwa watatu: mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anafasiri, wa tatu ameshika Zerwick kama mwamuzi. Aliyechoka alibebwa na wenzake.

Kwa walezi wetu nina ombi la heshima. Hati ya Optatam totius ya mwaka 1965, namba 13, inataka kujifunza lugha za Biblia na za Mapokeo kuhimizwe sana. Sisi hatuombi somo jipya lenye mtihani. Tunaomba saa moja kwa wiki, nakala mbili za kitabu kimoja cha mwanzo, na Zerwick mmoja asiyeazimwa nje ya maktaba.

Na kwenu waamini, endeleeni kutuuliza. Mnaposikia "kwa Kigiriki neno hili", ulizeni kwa upole: linatumika wapi tena? Anayejua atafurahi, na asiyejua atakwenda kusoma.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye jumuiya ile. Niliomba dakika tano, nikasema kwamba nilichowaambia hakikuwa sahihi, nikasoma Yohane 5:20 na 11:3. Yule mzee aliyenisifu alitazama chini. Yule mama akafungua daftari, akapiga mstari juu ya maneno yangu, akaandika aya hizo mbili pembeni.

"Frateri," akasema, "nimefundisha miaka thelathini. Nami nilikosea mara nyingi, nikarudi darasani kusahihisha. Usiache kusoma." Kisha akaniomba nimwandikie zile herufi.

Nilimwandikia zote 24, kwa mkono, na chini yake maneno Kyrie eleison. Likizo hii nilipokwenda kumsalimia alinisomea maneno hayo kutoka kwenye karatasi ileile, polepole, kidole kikifuata herufi. Ana miaka zaidi ya sitini. Sisi tunasubiri nini?